Kumwandaa mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo kwa iodini ya mionzi: anzia jikoni

Mgonjwa ameshaondolewa tezi, majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa yamesema ni saratani ya papila au folikula (aina za saratani ya tezi), na daktari ameandika iodini 131, yaani iodini ya mionzi. Wengi wetu hapo hukimbilia kupanga tarehe. Lakini seli za tezi zilizobaki zinatakiwa kuikuta dawa zikiwa na njaa ya iodini. Zikiwa zimeshiba, dawa nyingi itaishia kwenye mkojo.

Hatua ya 1: Uliza iodini iliyokwisha kuingia. Alipiga CT (picha ya mionzi) ya kuchomwa dawa yenye iodini mshipani? Subirini wiki 6 hadi 8. Anameza amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo yenye iodini nyingi? Hiyo hukaa mwilini miezi mingi. Ongea na daktari wake wa moyo, usiisimamishe mwenyewe. Ulizia pia multivitamini na ile iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda.

Hatua ya 2: Pandisha TSH, homoni inayozisukuma seli za tezi kufyonza iodini. Kwa kawaida levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, husimamishwa wiki 3 hadi 4, tukilenga TSH ivuke 30. Mwambie mapema kwamba atachoka, atavimba uso, choo kitakuwa kigumu, na atasikia baridi hata Dar es Salaam mwezi wa Januari. Ndugu zake nao wajue, wasije wakadhani ugonjwa umerudi. Zipo sindano za TSH ya kutengenezwa, moja kwa siku kwa siku mbili mfululizo, iodini siku ya tatu, na vidonge haachi. Bei yake ndiyo kikwazo.

Hatua ya 3: Jikoni. Hapa ndipo maandalizi mengi huharibikia. Kwa wiki 1 hadi 2 iodini ya chakula ishuke chini ya mikrogramu 50 kwa siku, na chumvi yetu ya dukani kisheria inaongezwa madini joto. Usimuulize kama ameacha chumvi, muulize anapikaje. Utasikia: "Chumvi nimeacha kabisa daktari, naweka tu kile kidonge cha mchuzi." Kidonge kile ni chumvi tupu! Chumvi ya mawe ya pwani nayo siiamini. Aache dagaa, samaki, pweza, mwani, maziwa, kiini cha yai na mikate ya dukani. Ale ugali, wali, viazi, maharage aliyochemsha mwenyewe, matunda, nyama kidogo, na ndimu, tangawizi na vitunguu kwa ladha. Mzee anayetumia dawa za kukojoza mpime sodiamu, maana kukosa chumvi kabisa kunaweza kumwangusha.

Hatua ya 4: Mimba na kunyonyesha. Kipimo cha mimba ni lazima, na mazungumzo hayo yafanyike mama mkwe akiwa nje. Anayenyonyesha aache angalau wiki 6 kabla, na asimrudishe mtoto huyo titini.

Hatua ya 5: Kabla ya dozi. Chukua damu ya TSH na thairoglobulini, protini inayotengenezwa na seli za tezi. Kwa skani ya uchunguzi dozi ni ndogo. Kwa matibabu, uliza mapema anarudi wapi, maana nusu ya mionzi huisha kwa siku 8. Kama ni basi la kutwa nzima kwenda Mwanza, amebanana na abiria, mtafutieni ndugu mjini mwenye chumba cha peke yake, nyumba isiyo na mjamzito wala watoto wadogo.