Picha Mbili kwa Kila Mtu: Kupiga Picha Sokoni na kwa Mafundi wa Arusha na Moshi

Mama mmoja wa Tengeru ndiye aliyenifundisha kazi hii, wakati mimi nilishajiona naijua. Nilimpelekea picha yake niliyoisafisha kwa fahari kubwa: uso peke yake, jasho kidogo kwenye paji, mikungu ya ndizi nyuma imefifia kabisa. Aliishika kwa ncha za vidole maana mikono ilikuwa na utomvu. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaitazama tena. "Nzuri, baba. Sasa miguu yangu iko wapi? Na ndizi zangu?"

Alikuwa na haki. Aliamka usiku kushusha mzigo, akavaa kitenge chake cha kwenda sokoni, akapanga mikungu yake vizuri, halafu mimi nikamrudishia kichwa. Tangu siku hiyo kila ninayempiga picha nampiga mbili, yake na yangu, na yake hutangulia. Hatua zinazofuata zote zimejengwa juu ya hilo. Zinamfaa mwenye kamera na mwenye simu pia.

Hatua ya 1: Jua siku ya gulio

Masoko ya mjini, kama Soko Kuu na Kilombero kwa Arusha, au Mbuyuni kwa Moshi, yana watu kila siku. Ila ukitaka soko lenye sura ya mahali pake, nenda siku ya gulio. Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi. Huko Wameru wanashusha ndizi na maparachichi. Ngaramtoni, barabara ya Namanga, ni Alhamisi na Jumapili, na huko utakutana zaidi na Waarusha na Wamasai.

Fika kabla ya saa 2 asubuhi. Kirikuu zinashusha mizigo, mikokoteni inapita, jua bado liko chini na linaingia pembeni mwa nyuso. Kuanzia saa 4 hadi saa 9 alasiri jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Juni na Julai ni tofauti: mawingu yanakaa muda mrefu na mwanga unakuwa laini hata mchana. Wageni wengi wanasikitika kwamba mlima haujafunguka. Mimi miezi hiyo ndiyo ninayofanya kazi zaidi.

Hatua ya 2: Pita kwa mwenyekiti wa soko

Kila soko lina uongozi. Uliza ofisi, jitambulishe, sema unapiga picha za nini na zitakwenda wapi. Ni dakika kumi. Mtu akikuuliza baadaye "nani kakuruhusu?", una jibu. Kijijini nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au balozi wa nyumba kumi. Na popote ulipo, usielekeze kamera kituo cha polisi wala eneo la jeshi, hata kama limeingia nyuma ya picha kwa bahati mbaya.

Hatua ya 3: Salimia, nunua, ndipo uombe

Kamera ikae kwenye begi. Mkubwa mpe shikamoo yake na usubiri marahaba. Kwa mama wa Kimasai "takwenya" inafungua mlango, naye atajibu "iko". Kwa wanaume ni "supai", jibu "ipa". Ukikosea matamshi watakurekebisha, na hapo mazungumzo yameshaanza.

Kisha nunua kitu, na ukinunue kama mnunuzi kweli: uliza bei ya sado ya nyanya, punguziana, lipa. Wafanyabiashara wa huku wana lalamiko moja la haki, nalo nimelisikia mara nyingi: "Mnakuja, mnatupiga picha, mnakwenda kuziuza, sisi tunabaki na jua." Hakuna maneno matamu yanayolifuta hilo. Linapunguzwa na mtu anayekaa, anayenunua na anayerudi.

Ukiomba, omba kwa kutaja kitu: "Mama, nimependa ulivyopanga haya mafungu. Naomba nikupige picha nayo, na nikurudishie yako siku ya soko lijalo." Akikataa, shukuru na uondoke. Usimzungukie ukampige kwa mbali. Lenzi ndefu iache kwa ajili ya Serengeti; sokoni beba ya milimita 35 au 50, inayokulazimisha kusimama mahali ambapo mtu anakuona na anaweza kukuambia hapana. Mtoto asipigwe mpaka mzazi wake akubali, na kama mzazi hayupo basi.

Hatua ya 4: Anza na picha yake

Mwache ajipange. Atafunga kilemba upya, atafuta mikono, atasimama wima na kukaza uso. Usimwambie acheke. Piga kuanzia kichwani mpaka viatuni, na bidhaa zake zionekane. Mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Akisema rudia, rudia.

Faida yake utaiona mara moja. Akishaipata anayoitaka anatulia na kurudi kwenye biashara, na mikono yake inasahau kwamba upo. Hapo ndipo picha yako inapoanza.

Tena nakuomba: usimvue mtu simu, saa wala koti la mtumba ili aonekane "wa asili". Mzee wa Kimasai mwenye shuka na simu sikioni, akiuliza bei ya mbuzi, ndivyo alivyo leo. Ukimwondolea simu umepiga picha ya mtu ambaye hayupo.

Hatua ya 5: Shughulikia turubai

Nusu ya picha mbaya za sokoni zinaharibiwa na turubai la bluu. Mwanga ukipita humo, uso wa mtu unakuwa kama wa mgonjwa na nyanya zinageuka zambarau. Usitegemee kompyuta ikuokoe: ukiondoa bluu usoni, barabara iliyoko nyuma inakuwa ya chungwa. Dawa ni hatua moja ya mguu. Mwambie, "Mama, sogea kidogo huku mwangani, nyanya zako zing'ae." Atasogea, kwa sababu ni nyanya zake. Ukingoni mwa turubai, mwanga wa nje unapompata bila jua kumchoma, ndipo penye mwanga bora wa soko zima.

Mambo mengine ya mwanga nayasema haraka. Mtu akiwa na anga jeupe nyuma yake, kamera inadanganyika na kumfanya mweusi tii asiyetambulika. Ongeza mwanga hatua moja (+1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera). Shuka nyekundu huungua kabla ya rangi nyingine, mistari yake ikapotea ikabaki doa moja jekundu. Punguza theluthi mbili ya hatua, na kama kamera yako ina grafu ya rangi, angalia ile nyekundu. Kwenye simu, bonyeza usoni na ushikilie mpaka ijifunge hapo, kisha telezesha kidole juu au chini kuongeza au kupunguza mwanga. Na zima kabisa ule mpangilio wa urembo, unaolainisha ngozi na kuifanya nyeupe. Mtu amezaliwa na rangi yake. Simu haina ruhusa ya kuibadilisha.

Hatua ya 6: Kwa fundi, jifunze kazi kabla ya kupiga

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wachagga wana wahunzi tangu zamani, na upande wa Mamba, karibu na Marangu, kazi hiyo imerithishwa ndani ya koo. Kutoka Moshi unapanda gari la Marangu kupitia Himo. Ukifika, kaa nusu saa bila kamera na utazame mpangilio wa kazi. Kijana anavuta mvukuto, mkaa unawaka, kipande cha springi ya gari kinalala motoni. Muda wote huo hakuna picha kubwa, na mgeni anamaliza betri hapo. Kisha mvukuto unanyamaza. Hiyo ndiyo ishara. Fundi anashika koleo, chuma kinatoka kikiwa rangi ya chungwa, kinawekwa juu ya fuawe, na ana sekunde chache tu za kugonga kabla hakijarudi kuwa chekundu kizito na kukataa nyundo. Ukijua hilo, unainua kamera mvukuto unaponyamaza, wala huhitaji kubahatisha.

Kibanda kina giza kwa sababu: fundi anapima joto la chuma kwa rangi yake, na rangi hiyo haionekani kwenye jua kali. Ndiyo maana nasema flashi iache nyumbani. Inaua rangi ya moto, na baya zaidi, inampofusha kwa muda mtu aliyeshika chuma cha moto na nyundo. Tumia ISO 3200 (wepesi wa kamera kuona gizani) na tundu la lenzi lililofunguka sana, f/2.8 au iliyo karibu nayo. Kasi ya shata 1/500 inaisimamisha nyundo hewani. 1/30 inaziacha cheche zichore mistari, ila shikilia mwili ukutani usitikisike. Kwa kuwa giza limejaa kwenye fremu, kamera itataka kuangaza kila kitu na moto utakuwa doa jeupe. Punguza mwanga hatua moja au moja na nusu. Simama ubavuni, upande ambao mwanga wa mlangoni unamgusa shavu, kamwe usiwe kwenye njia ya nyundo. Magamba ya chuma yanaruka, na viatu vya wazi havifai.

Mhunzi mmoja niliyempiga hivyo kwa asubuhi nzima aliniambia picha yake bado. Akaenda ndani, akarudi na shati safi lililopigwa pasi, akasimama nje kwenye migomba na panga jipya amelilaza kwenye viganja viwili. Lilikuwa halijatiwa mpini bado. Ile ya moto ndiyo watu huisifu. Ya migomba ndiyo iliyotundikwa sebuleni kwake.

Wachonga vinyago wa Kimakonde, ambao asili yao ni Mtwara na kaskazini mwa Msumbiji, utawakuta Arusha mjini wakichonga mpingo. Mpingo una ngozi ya nje yenye weupe na moyo mweusi, na hatua nzuri ya kupiga ni pale rangi mbili zinapoonekana pamoja, tezo na patasi zikiwa bado zinafanya kazi. Kinyago kikishapigwa msasa na kung'arishwa kinakuwa kioo. Weka mwanga pembeni, la sivyo utapiga dirisha lililojionyesha tumboni mwa kinyago.

Kwa mama wa shanga, kaa chini kama alivyokaa. Karibu hivyo, f/2.8 itaonyesha shanga tatu na kupoteza nyingine zote. Funga tundu la lenzi mpaka f/8. Kwenye simu usitumie mpangilio wa kufifisha nyuma, unakata kingo za mkufu vibaya. Maana ya rangi muulize yeye aliyeshona, "Yeyo (yaani mama, kwa Kimasai), hii bluu umeiweka kwa nini?", uandike alivyojibu. Usinakili zile orodha za maana za rangi zinazozunguka mtandaoni. Mara nyingine jibu ni kwamba bluu ndiyo iliyokuwepo dukani, na hilo nalo ni jibu.

Hatua ya 7: Pesa na matumizi ya picha

Silipi kwa kila picha, maana sekunde hiyo mtu anageuka kuwa mwigizaji. Nanunua bidhaa. Lakini fundi nikimtoa kwenye kazi yake, muda wake naulipia, na tunakubaliana kiasi kabla, mbele ya wenzake, asije akahisi amepunjwa.

Kuruhusu kupiga si kuruhusu kuuza. Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo niliuzia kampuni moja ya utalii picha ya mzee mchongaji; nilimwomba kumpiga, sikumwomba kuiuza. Mwanawe akaiona kwenye kalenda. Mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ulipata ngapi?" Nilimtajia, nikampa nusu, na bado sikuwa na uso wa kumtazama. Siku hizi nauliza maswali mawili tofauti na naandika majibu yote mawili. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

Hatua ya 8: Rudisha

Wengi simu zao ni vitochi, WhatsApp hazina. Safisha picha kwa karatasi, saizi ya postikadi inatosha. Kwenye daftari, papo hapo, andika jina analotaka kuitwa, anachouza, na alipo: "meza ya tatu toka choo cha soko, jirani muuza dagaa." Majina hufanana, meza hazifanani.

Huna nafasi ya kurudi? Kabla hujaondoka mjini, mpe dereva wa bodaboda wa pale sokoni bahasha na nauli yake, kila picha ikiwa na jina na meza nyuma yake. Ila ukiweza kwenda mwenyewe, nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa. Mpe kwanza ile ya miguu na ndizi. Yako itoe baadaye, kama ataiuliza.