Mimea ya kudumu kwa nyumba ya Mtwara, ukiwa wewe uko mbali

Ukija likizo Mtwara mwezi wa saba, usipande kitu. Najua ndipo shule za Ulaya zinapofungwa, na nyumba mpya pale Shangani haina hata ua moja. Lakini mvua za huku ni za msimu mmoja: zinaanza Novemba au Desemba, zinakatika Aprili au Mei. Mche uliotiwa ardhini Julai una miezi minne au mitano ya ukavu mbele yake, kusi linavuma, kichanga hakishiki maji, na wewe umesharudi Birmingham. Anayebaki na ndoo ni mdogo wako, na maji yenyewe pengine anayanunua.

Kwa hiyo usichague kwa kutazama ua. Jiulize kama mmea utafika Novemba bila mtu kuubembeleza. Huko mliko, mimea ya kudumu husifiwa kwa kustahimili barafu, sifa ambayo huku haina kazi. Tulipu na hosta zinahitaji majira ya baridi ndipo zichipue vizuri, basi ziacheni hukohuko. Isitoshe, miche, mbegu na vitunguu vya maua kutoka nje vinataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Wahusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Si vitu vya kuficha kwenye begi kati ya nguo.

Likizo ya Julai itumie kuangalia kivuli. Ulaya mmezoea kwamba ukuta wa kaskazini ndio wenye kivuli. Mtwara iko nyuzi kama 10 kusini mwa Ikweta, na mambo yanageuka. Tangu mwishoni mwa Februari hadi karibu na Oktoba 20, jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na ukuta wa kusini unakaa kivulini. Baada ya hapo jua linahamia kusini mpaka Februari. Kona uliyoiona imepoa Julai, Desemba inaungua, na kama uko karibu na bahari, ndiyo hiyohiyo inayopigwa na kusi lenye chumvi. Kivuli cha mwaka mzima utakipata barazani, au chini ya mwembe na mkorosho, ila chini ya miti hiyo ni pakavu kwa sababu mizizi yake imeshakunywa kila kitu.

Kwa mahali hapo mimi ningeanza na ule mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao maduka ya Ulaya yanauuza kwa jina la ZZ. Wengi mnao sebuleni na hamjui kwamba kwao ni Afrika Mashariki, tangu Kenya kushuka kusini. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Ukame ukizidi unaweza kupukutisha majani, kisha ukachipua tena. Mtoto asiutafune tu, unawasha mdomo. Pembeni yake weka sanseveria, ndugu yake mkonge, inayovumilia kivuli na jua vilevile. Lakini asili ya nyumbani peke yake haitoshi: ile urujuani ya vyungu inayopendwa Ulaya imetoka milima ya Usambara, na inataka ubichi na ubaridi wa kulekule. Ukiipanda Mtwara, itakufa.

Kando ya ukuta wenye jua, bogenvilia haina mpinzani. Ikishashika mizizi, ukavu ndio unaoifanya ichanue zaidi, ila ina miiba, iwe mbali na njia ya watoto. Kando ya njia, panda mchaichai: majani yake hukauka kiangazi, mvua ikirudi nao unarudi, na chai unapata. Minyaa ni imara sana kwa ua wa kuzungushia nyumba, lakini maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari, na mimi nisingeiweka penye wajukuu.

Franjipani haihitaji hata kununua mche. Omba tawi lenye urefu wa mkono kwa jirani. Likikatwa linatoa maziwa mengi meupe, kwa hiyo lilaze kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo ulichomeke kwenye kichanga. Ukiliwahisha ardhini bichi, linaoza.

Yote haya yapandwe Desemba, mvua ikishalowesha chini. Tia samadi iliyooza shimoni, tandaza makumbi ya nazi juu, lakini yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja, maana mchwa wanayapenda makumbi makavu kuliko wewe unavyopenda bustani.

Kabla hujapanda ndege, mweleze anayebaki kwamba franjipani hupukutisha majani kiangazi. Watu huing'oa wakidhani imekufa. Akwaruze gome kwa ukucha, pakiwa kijani aiache. Na kama umepanda kile kitunguu cha porini kinachotoa ua jekundu la mviringo mvua za kwanza, kinapotea chote kiangazi, hakibaki jani. Kizungushie mawe, upige picha, umtumie na fundi, asije akamwaga zege la njia juu yake.