Andaa umeme wa nyumba kabla gari la umeme halijashuka melini (hatua kwa hatua)

Wadau habari za saa hizi. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Dar, na siku hizi napigiwa sana simu za namna hii: "fundi gari limeshatoka bandarini lipo hapa getini, njoo unifungie chaji leo leo." Moyo unashtuka kila nikisikia, mana hapo tayari tumechelewa. Gari la umeme sio friji wala TV, ni mzigo kama jiko la pleti mbili zinazowaka kwa pamoja masaa matatu, manne, mpaka kumi mfululizo, tena usiku wewe umelala na watoto wamelala. Waya za nyumba zetu nyingi hazikupigiwa hesabu ya kitu kama hicho. Kwahiyo hizi hatua zifanye gari likiwa bado liko majini.

Hatua ya 1: anza na kilomita zako, achana na chaja kwanza

Watu wengi swali la kwanza ni "nifunge chaja ya kilowati ngapi". Subiri kidogo. Chaja yenyewe iko ndani ya gari, lile boksi la ukutani kazi yake ni kulipatia gari umeme kwa usalama na kuliambia mwisho ni ampea ngapi. Sasa Nissan Leaf nyingi za kutoka Japani chaja yake ya ndani inameza kilowati 3 na kitu tu, zipo chache za kilowati 6. Ukifunga boksi la ampea 32 ambalo ni kilowati 7.4 kwa gari la kilowati 3.3, litachaji kwa 3.3 vilevile, na hela ya waya mnene imeenda bure. Angalia na mdomo wa kuchajia pia: Leaf ya Japani ina taipu 1, gari za Ulaya taipu 2, na zile zilizotengenezwa kwa soko la China zina mdomo wao wa GB/T. Ulizia kabla hujalipia chochote.

Sasa hesabu. Tuseme unakaa Goba unafanya kazi Posta, kwenda na kurudi na mizunguko tufanye kilomita 50. Gari dogo linakula kama unit 16 kwa kilomita 100, kwahiyo hapo ni unit 8, ongeza kinachopotea njiani wakati wa kuchaji unafika 9. Kwa ampea 16 hizo unit 9 zinaingia ndani ya masaa matatu tu hivi, hata kwa ampea 10 ni masaa manne. Usiku una masaa mangapi? Ndo mana nawaambia wateja wangu ampea 16 zinawatosha wengi sana, ile ya 32 ni ya mtu anaepiga safari ndefu kila siku au ana gari mbili.

Upande wa LUKU, unit 9 mara siku 26 ni kama unit 234 kwa mwezi. Kama uko kwenye ile bei nafuu ya unit 75 kwa mwezi jua unatoka huko, utaingia kwenye bei ya kawaida ambayo buku inakupa unit 2.8 hivi. Yaani siku moja ya gari ni kama buku tatu na kidogo. Linganisha mwenyewe na lita za petroli za hizo kilomita 50.

Hatua ya 2: pima nyumba inakula ngapi saa za jioni

Usikadirie kwa macho. Fundi aje na ile mita ya kubana waya, aibane kwenye waya mkubwa unaotoka kwenye mita saa moja hadi saa tatu usiku, mkiwa mmewasha vitu kama siku zote. Umeme wa njia moja (single phase, waya mmoja wa moto) kwa nyumba nyingi mwisho wake ni ampea 60, ila soma kwenye mita yako na breka kubwa, zipo zilizo chini ya hapo. Mfano wa nyumba ya kawaida ya mtu mwenye uwezo kidogo: shawa ya moto peke yake ampea 20 na ushee, AC mbili ampea 12, pasi 8, pampu ya maji 4, jiko pleti moja 8. Jumla 52. Ukiongeza gari la ampea 32 unafika 84, hapo breka kubwa inaruka au mbaya zaidi hairuki na maungio yanaanza kuungua taratibu.

Dawa ya bei rahisi ni muda. Weka gari lianze kuchaji saa tano usiku, gari nyingi zina taima ndani. Saa hizo shawa imelala, pasi imelala, na hata volteji ya mtaani inakuwa imepanda mana jioni kuna mitaa unapima unakuta 190 badala ya 230. Dawa ya pili ni boksi lenye kihisi kinachokaa kwenye waya mkubwa, mzigo wa nyumba ukipanda linapunguza la gari lenyewe. Ya tatu ndo kuomba njia tatu (three phase) TANESCO, unaweza kuanzia kwenye NIKONEKT, ule mfumo wao wa maombi mtandaoni, na lazima fundi mwenye leseni ya EWURA akujazie fomu. Mi naishauri njia tatu pale tu ambapo namba za mita zimekataa kabisa.

Hatua ya 3: eathi, hapa naomba usome taratibu

Kama utaruka kila kitu humu, hii usiruke. Eathi ni ile njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba zetu nyingi eathi yake ni ile rodi yako mwenyewe uani, chuma kilichopigwa ardhini, haitoki nguzoni. Na rodi nyingi nilizozikuta ni kipande kilichopigwa miaka hiyo nyumba inajengwa, klempu imeoza, waya umeshakatika na mwenye nyumba hajui, mana taa zinawaka na friji linagandisha. Eathi mbovu haikuonyeshi dalili mpaka siku ya siku.

Chaja nyingi za magari zinapima eathi kabla hazijaanza, isipokuwepo zinawasha taa nyekundu na kugoma. Sasa kuna mafundi, na hili linaniuma kweli, wanachukua waya mfupi wanaunganisha nyutro (waya wa kurudisha umeme nguzoni) na eathi ndani ya soketi ili chaja idanganyike ikubali. Gari linachaji, mteja anafurahi, fundi analipwa anaondoka. Siku nyutro ikikatika kule nguzoni, au baada ya matengenezo waya zikarudishwa zimegeuzwa, bodi lote la gari linakuwa na volti 230. Na gari limekaa kwenye matairi ya mpira, umeme hauna pa kushukia, unamsubiri mtu. Mtoto anatoka peku kwenye sakafu yenye maji anashika kitasa cha mlango. Nilikuta nyumba moja imeungwa hivyo, nilizima palepale nikamwambia mwenye nyumba bora gari lilale bila chaji wiki nzima. Ukisikia fundi anasema "nitaibana na nyutro tu haina shida", mlipe nauli yake aende.

Inavyotakiwa: apime kwa mita ya eathi, ile yenye vijiti viwili vya kuchomeka ardhini. Kitaalamu hata eathi ikisoma ohm 100 (namba ikiwa ndogo ndo eathi nzuri), RCD ya miliampea 30, yaani breka inayokata umeme ukivuja, itaruka, ila mimi nataka chini ya 20 mana kiangazi mchanga wa huku pwani unakauka na namba inapanda. Ikigoma kushuka, ongeza rodi ya pili, iwe mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, ziunganishe kwa waya wa kopa. Ile ya kumwaga chumvi na mkaa inashusha namba kwa muda, halafu chumvi inaila rodi na mvua inaiondoa. Rodi ndefu ndo jibu.

Hatua ya 4: laini yake peke yake, na waya wa kweli

Gari lipewe laini yake kutoka DB (boksi la breka za nyumba) mpaka linapolala, isichangie na soketi za sebuleni wala pampu. Kwa ampea 16 natumia waya wa 4 (unene wa milimita 4 za mraba) na breka ya 20, kwa ampea 32 waya wa 6 na breka ya 40. Umbali nao una kesi yake: waya wa 6 ukibeba ampea 32 kwa mita 30 unapoteza volti 7, sio mbaya, lakini ukifika mita 50 unapoteza zaidi ya 11, hapo panda mpaka waya wa 10. Ukipita chini ya ardhi weka ile kebo yenye chuma, chimba nusu mita kwenda chini na utepe wa onyo juu yake, mana mtu atakuja kupanda mti hapo.

Waya feki zipo kibao. Kwangua ncha kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe hiyo ni aluminiamu iliyopakwa kopa, rudisha dukani. Tafuta nembo ya TBS na unene uwe umeandikwa kwenye ganda.

Hatua ya 5: RCD na volteji

RCD ya gari iwe yake. Zile za kawaida za taipu AC zinaweza kupofushwa na umeme wa DC (aina ya umeme wa betri) unaovuja kutoka kwenye gari, zikawa zipo tu ukutani hazifanyi kazi. Kama boksi lako lina kinga ya DC ya miliampea 6 ndani, weka taipu A. Kama halina, ni taipu B, ghali kweli lakini hapo hakuna mkato. Ongeza na kinga ya volteji ya ampea 40 au 63 ya kukaa kwenye DB, Kariakoo zipo, iseti ikate chini ya 185 na juu ya 255 na isubiri dakika kama tano kabla ya kurudisha, mana umeme ukikatika ukarudi unarudi kwa kishindo.

Hatua ya 6: soketi

Soketi ya ukutani ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba 13 usiku kucha. Nimeshatoa moja imeyeyuka mpaka plagi imeganda nayo. Kama huna namna, punguza chaji iwe ampea 8 au 10, na usitumie ekstensheni hata iwe nzuri vipi. Ukiweza funga soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16 au boksi la ukutani, juu mita moja na kitu, pasipopigwa mvua. Waya wa kuchajia uliokuja na gari la Japani soma kibandiko chake kwanza, ukiona umeandikwa volti 100 peke yake usithubutu kuuchomeka kwenye 230 yetu.

Hatua ya 7: usiku wa kwanza

Usichaji ukaenda kulala. Anza mchana, baada ya saa moja shika breka, soketi na plagi kwa mgongo wa mkono: vuguvugu sawa, ukishindwa kuacha mkono hapo zima, kuna skrubu imelegea au waya mdogo. Bonyeza kitufe cha kujaribu RCD uone inaruka. Baada ya mwezi mwite fundi akaze skrubu zote upya umeme ukiwa umezimwa, mana zikipata joto na kupoa kila usiku zinalegea, na siku hiyohiyo apime eathi tena aandike namba kwa maka peni kwenye mlango wa DB.