Kabla Hujanunua Nyumba Kuukuu Uibomoe Ujenge Apatimenti

Ukinunua nyumba ili uhamie, utaangalia paa, mabomba na majirani. Lakini ukinunua nyumba kuukuu hapa Dar es Salaam kwa hesabu ya kuibomoa ujenge apatimenti, au kuipandishia ghorofa, nyumba yenyewe siyo unachonunua. Unanunua kile ambacho kiwanja kitaruhusiwa kubeba, na kitakachoweza kubeba. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi nililipuuza la pili.

Yaliyo wazi nayapitia haraka. Fanya upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati, usiridhike na kivuli alichokuletea muuzaji. Kama ni nyumba ya ndoa, mwenza wake aridhie kwa maandishi, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kama ni mirathi, anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, siyo kaka mkubwa. Mpima wako, siyo wa dalali, atafute bikoni zote, yale mawe ya mpaka. Ukuta wa fensi siyo mpaka. Soma masharti ya hati: matumizi yaliyoruhusiwa ni yapi, na imebaki miaka mingapi.

Hifadhi za barabara na mito nenda ukapime kwa mita, usikadirie kwa macho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe. Kumbuka waliovunjiwa bonde la Msimbazi kuanzia Desemba 2015, na wale wa Barabara ya Morogoro, Kimara kwenda juu, mwaka 2017. Walikuwamo watu wenye umeme, maji na risiti za kodi ya majengo, na nyumba zikawekewa X nyekundu vilevile.

Halafu nenda halmashauri, idara ya mipango miji, ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Uliza ghorofa ngapi, sehemu gani ya kiwanja inaruhusiwa kufunikwa na jengo, uache nafasi kiasi gani kila upande, magari mangapi yaegeshwe ndani. Kisha kaa chini utoe. Tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 30. Ukiambiwa uache tano mbele, tatu nyuma na mbili kila ubavu, umebaki na 16 kwa 22, yaani mita za mraba 352 kati ya 600, na gari hata moja halijaingia. Hizo "nyumba nane bila wasiwasi" za dalali zinayeyuka hapo hapo.

Wa kupandisha ghorofa, msidanganywe na nondo zilizochomoza juu ya paa. Mhandisi achimbe pembeni ya msingi, aone upana wake na kilicho chini yake. Kama msingi ulimwagwa kwa ajili ya nyumba ya chini, mpango wa kuongeza ghorofa uishie hapo.

Sasa hili.

Nilinunua nyumba Mikocheni mwezi wa Septemba. Jua kali, bustani kavu, kuta zimepakwa rangi mpya. Hati safi, mpima kapima, majibu ya mipango miji mazuri. Mchoro ukatoka wa apatimenti sita, benki ikatoa mkopo wa apatimenti sita. Tukabomoa Januari. Mwishoni mwa Machi, masika yameshika, fundi akaenda nyuma kuchimba shimo la majitaka. Saa nne asubuhi akanipigia: "Bosi, njoo uone mwenyewe." Futi tano tu chini, maji yamejaa, yanapanda taratibu. Tukahamia kona nyingine, yakawa yale yale. Mzee jirani alikuwa amesimama getini anatutazama. Akaniambia, "Mwanangu, hapa masika tunakaa juu ya maji. Ungetuuliza."

Mtaa ule hauna bomba la majitaka la DAWASA, kama mitaa mingi ya jiji hili. Kila nyumba ina tenki lake na shimo la kufyonzea maji. Maji ya ardhini yakiwa juu kiasi kile, shimo halifyonzi chochote. Lenyewe ndilo linalojazwa kutoka chini. Familia moja inaweza kuvumilia miezi miwili ya shida. Familia sita haziwezi. Chukua watu watano kila apatimenti, lita 80 kila mtu: ni lita 2,400 kwa siku. Ukijenga tenki lisilovuja la kuhifadhi tu, gari la kunyonya la lita 10,000 unalijaza kwa siku nne. Hizo ni safari saba kila mwezi. Uliza bei ya safari moja mtaani kwako uzidishe kwa saba, uone kodi inayobaki.

Wapo walionishauri nitapishe majitaka nje mvua ikinyesha, kama wafanyavyo wengine. Sikufanya, na wewe usifanye. Uchafu ule unaingia kwenye visima vya majirani na kwenye madimbwi wanayochezea watoto, na kipindupindu hapa mjini si kitu cha kusimuliwa. Nikajenga apatimenti mbili. Mkopo wa sita bado naulipa.

Kwa hiyo, nyumba uliyoipenda kiangazi, irudie Aprili kabla hujalipa. Kama huwezi kusubiri, soma dalili. Rangi inayobanduka chini ya kuta na unga mweupe wa chumvi. Vyoo vya uani vilivyoinuliwa hadi vinapandwa kwa ngazi. Mfuniko wa shimo uliojengwa juu ya usawa wa ardhi. Uliza majirani watatu swali moja: "Shimo lenu mnanyonya mara ngapi kwa mwaka?" Usimuulize mwenye nyumba, muulize mpangaji au dada wa kazi, wao ndio wanaoishi na lile shimo. Mwisho lipia kibarua achimbe mashimo mawili, nyuma na mbele, kina cha mita mbili au zaidi. Yaliyobaki makavu yajaze maji jioni, asubuhi uangalie yameshuka kiasi gani. Muuzaji akikataa usichimbe, nawe usinunue.

Na ukiwa huko, pima njia ya kuingilia, maana gari la kunyonya na lori la zege lazima lipite hapo, siyo bajaji tu. Uliza transfoma ya TANESCO iko wapi na imelemewa kiasi gani. Angalia mtaro wa mtaa unamwaga wapi, isije ikawa ni kwako. Nenda usiku, nenda siku ya mvua, nenda Jumapili. Dalali akikwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa taslimu, mwache aje. Usilipe kishika uchumba kabla mashimo hayajakauka au kujaa, na chochote utakachoambiwa na ofisi yoyote, omba kiandikwe.