Mvua Ikikatika, Toka Ukatazame Mimea ya Asili ya Mji

Mvua ikikatika tu, mimi huvaa buti. Nimesomea mimea, na kwa miaka mingi nilikuwa nangoja ardhi ikauke ndipo nitoke. Nilikuwa nakosa mengi. Mimea ya asili iliyosalia mjini aghalabu ni midogo, na hiyo midogo huamka ikilowa.

Beba lenzi ya mkono inayokuza mara 10, uifunge kamba na kuivaa shingoni. Beba penseli, si kalamu ya wino: manyunyu yaliwahi kunifutia maandishi ya asubuhi nzima, na sehemu nilizopita siku ile sikuweza kuzikumbuka zote. Ongeza bahasha za karatasi na kitambaa kikavu cha kufutia lenzi.

Bustani za maua zipite. Jakaranda, bougainvillea na lantana zimeenea katika miji mingi ya joto hadi watu huzidhani ni za hapohapo, kumbe kwao ni Amerika. Wewe tafuta pale ambapo hakuna mtu aliyepanda kitu: nyufa za kuta kuukuu, mawe ya makaburi, kingo za mito, magome ya miti mizee.

Sasa piga magoti chini ya ukuta, upande usiopigwa na jua. Hapo kuna vimea vifupi vilivyotanda kama zulia, ambavyo kwa Kiingereza huitwa moss. Havina mizizi ya kweli. Maji huvinywa kwa majani yao. Ukikuta kishungi kilichobaki kikavu chini ya ukingo wa paa, kidondoshee maji kidogo, kisha weka lenzi karibu kabisa na jicho na usogeze uso wako hadi uone vizuri. Vijani vilivyojikunja vitaanza kufunguka, mara nyingi ndani ya dakika chache. Nimelitazama jambo hili mara nyingi mno na bado hunishika pumzi. Kwenye nyufa za lami na saruji, tafuta chenye rangi ya fedha, Bryum argenteum. Weupe ule unatokana na ncha za majani kukosa rangi ya kijani, na mmea huu huota katika kila bara, hata Antaktika.

Karibu na mifereji huenda ukakuta Marchantia, bapa kama ngozi ya kijani, yenye vikombe vidogo mgongoni. Ndani ya vikombe mna vipande vinavyoweza kuwa mimea mipya. Tone la mvua likipiga, huvirusha nje. Usiviguse, ngoja tone.

Kwenye magome utaona kuvumwani. Si mmea hasa, jina lenyewe linakueleza: kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Kikavu ni kijivu, kikilowa hugeuka kijani kwa sababu tabaka la juu hupitisha mwanga na mwani wa ndani ukaonekana. Andika rangi zote mbili. Andika pia kilipo na kisipo, maana aina nyingi hufa hewa ikijaa moshi wa salfa.

Kangaga ligeuze jani taratibu. Vidoa vya kahawia vilivyojipanga kwa mpangilio si ugonjwa, ni vifuko vya vijimbegu. Kisha tazama udongo wenye unyevu chini yake, utafute kijimea chembamba chenye umbo la moyo, kisichofika sentimita moja. Hicho ndicho hatua ya kwanza ya kangaga, na mbegu yake ya kiume huogelea kwenye maji ili ilifikie yai. Ndiyo maana hulitafuta kangaga siku za mvua.

Sampuli iwe ndogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na uchukue pale tu inapoota kwa wingi na inaporuhusiwa. Vimea vya zulia vikaushe ndani ya bahasha. Hata baada ya miaka, ukivilowesha hurudia umbo lao. Majani mapana yabane katikati ya magazeti, na ubadilishe magazeti kila siku, la sivyo yataota ukungu.

Usiseme mmea ni wa asili kwa sababu tu umejiotea. Magugu mengi ya kigeni hujiotea vizuri kuliko wenyeji. Linganisha na sampuli kavu za zamani katika hifadhi ya mimea, na orodha ya mimea ya eneo husika. Ukishapata jina, rudi kwenye ukuta uleule baada ya wiki ya jua kali, ukaone vimea vilevile vikiwa vimejikunja.