Kabla simu yako haijatumbukia kwenye pipa

Kama unaishi Dodoma na maji kwenu yanakuja kwa mgao, usimcheke mtu wa pwani kwamba anakaa karibu na maji. Sisi ndio tunaoinamia mapipa usiku wa manane, mpira mkononi, tochi ya simu inawaka. Kwa hiyo soma haya leo, simu ikiwa bado kavu.

Yale mepesi kwanza. Majina yote yahifadhi kwenye akaunti ya Google. Paswadi yake iandike kwenye karatasi pamoja na namba yako ya NIDA, maana laini ikipotea utaulizwa namba hiyo na alama ya kidole. WhatsApp iwashie bakapu. Google wanatoa GB 15 bure, usiniambie huna pa kuweka. Kitochi kimoja kiwepo ndani, kina chaji. Laini haifi kwa maji kirahisi, na hela yako ya simu iko kwenye namba, haimo ndani ya kile kioo.

Wala usiringie IP68 ya kwenye boksi, ile alama ya kwamba simu inahimili maji. Kipimo hicho hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, simu ikiwa mpya. Maji ya sabuni hayamo, chai haimo, na kama uliwahi kubadilishiwa kioo, usitegemee kwamba ile gundi ya kuzuia maji ilirudishwa.

Ikishatumbukia: kama ilikuwa kwenye chaji, zima swichi ya ukutani kabla hujaingiza mkono. Itoe, izime, uache kuibonyeza. Vua kava, chomoa laini na memori kadi. Kipini cha kutolea laini kikipotea hereni nyembamba inafaa, ila usichokonoe tundu la maiki. Ifute kwa kanga kavu, tundu la chaji litazame chini, igongegonge kwenye kiganja. Iweke ndani ya nyumba penye upepo au feni. Usiianike juani, usiiweke kando ya jiko la mkaa, usiipulize kwa draya ya saluni; joto linaumiza betri na kulegeza gundi.

Sasa mchele, ule tunaoambiwa unakausha simu. Hapa nina la kusema.

Ilikuwa Jumamosi, maji yametoka saa tano usiku baada ya siku tatu. Simu nilikuwa nimeichomeka kifuani kwenye fundo la kanga, tochi inawaka. Nikainama kuzamisha mpira kwenye pipa, nikasikia chubwi. Tochi ikawa inanimulika kutoka chini ya maji. Nikaitoa, nikaizima, nikaifukia kwenye kilo mbili za mchele wa pilau kama jirani alivyonielekeza. Jumapili jioni nikaiwasha, ikawaka! Nikampigia dada yangu Singida kumwambia Mungu mkubwa. Usiku nikaichomeka kwenye chaji kama kawaida.

Jumatano spika ikaanza kukwaruza. Alhamisi ikachemka ikiwa kwenye chaji, kioo kikawa cheusi, ikawa ndiyo basi.

Fundi aliifungua mbele yangu. Kwenye tundu la chaji akachokoa kipande cha punje ya mchele, akakiweka mezani bila kusema neno. Halafu akanisogezea taa. Kwenye bodi palikuwa na ukoko mweupe, pembeni umeshakuwa kijani. “Mama, maji yalishakauka siku nyingi. Hii ni chumvi.”

Katazame birika lako la umeme. Ule ukoko unaoukwangua ndio uliokuwa ndani ya simu yangu. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi; yanapokauka huacha madini, na umeme ukipita hapo, vile viungio vyembamba vya shaba huliwa kidogo kidogo. Mchele hauwezi kuondoa hicho kitu. Hata Apple mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasiweke iPhone kwenye mchele, chembe zake zinaweza kuiharibu. Kwa hiyo ipeleke kwa fundi ikiwa imezimwa, kesho yake asubuhi usipitishe, aifungue na kuisafisha kwa brashi na spiriti. Baada ya hapo ndipo iwashwe.

Na kama umeshaiwasha kama mimi, na ikakubali, usimpigie mtu wa Singida. Toa vitu vyako! Mimi ni mweka hazina wa kikoba, wanawake 22, na mikopo yote niliiandika kwenye simu. Siku nne nzima nilikuwa na simu inayowaka, nikazitumia kutazama picha za harusi. Ilipokufa nikanunua kaunta buku, nikapita nyumba kwa nyumba hapa Nkuhungu: “Shoga, hivi unadaiwa shilingi ngapi?” Sijawahi kuona madeni yakikonda namna ile. Aliyekopa laki tatu alikumbuka laki na nusu, tena kwa kiapo. Mwingine akaniuliza kama nina uhakika alikopa. Pengo nililifidia mwenyewe, na mume wangu hadi leo hajui kiasi. Sasa hivi kila mkopo unaandikwa kwenye daftari mbele ya mkopaji, anatia saini, ndipo naupiga picha.

Kwa fundi, uliza bei kabla hajashika bisibisi, na kaa hapohapo. Akitaka kuikausha kwa bloa kabla ya kuisafisha, chukua simu yako uondoke. PIN ya hela hamhusu. Betri ikianza kuvimba usiichaji tena hata kama simu inawaka. Ukinunua simu iliyotumika, chungulia panapoingia laini. Simu nyingi zina kikaratasi cheupe humo kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji. Ikimwagikiwa soda au uji, mwambie fundi ukweli, asihangaike kutafuta kosa lingine. Sukari inanata kuliko maji.

Simu isiingie chooni, hasa choo cha shimo. Ikidumbukia humo, iache. Usishuke, usimteremshe kijana kwa kamba hata akikuambia ameshazoea. Hewa ya humo inaua mtu kabla hajapiga kelele. Chukua karatasi yako yenye namba ya NIDA, ukarudishe laini.