Kabla hujalipia intaneti ya nyumbani Mombasa, wapigie kampuni simu kwanza

Mombasa hatulii na umbali. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010. Tabu iko kati ya nguzo na sebule yako, na kwa yule atakayepokea simu mambo yakiharibika. Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani, na mteja akiniuliza achukue kampuni gani, humpitisha njia hii.

Hatua ya 1: Muulize jirani wa jengo lako
Kampuni inayosifiwa Nyali huenda haina hata waya mtaani kwenu Kisauni. Usimuulize kama intaneti yake ni nzuri, atakujibu tu nzuri. Muulize ilipokatika mara ya mwisho, fundi alikuja baada ya siku ngapi.

Hatua ya 2: Wajaribu kabla ya kulipa
Hii ndiyo watu huiruka, nami naona ndiyo kubwa kuliko zote. Achana na namba ya mauzo, hiyo hupokelewa upesi. Piga ya matatizo, mara moja mchana siku ya kazi, na tena Jumapili usiku. Kuna taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba, huwaka nyekundu mawimbi yakipotea. Waulize: "Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mtanisaidiaje?" Anayeijua kazi atakwambia mwanga haufiki kwenye kifaa, pengine waya wa faiba umekatika, umekunjwa sana au umechomoka, na kwamba atakufungulia tiketi ya fundi, yaani kumbukumbu ya tatizo lako yenye nambari. Anayekwambia uzime uwashe, na ukimuuliza zaidi anarudia yale yale, huyo anakusomea karatasi. Waulize pia kama wana mafundi hapa Mombasa.

Hatua ya 3: Soma mkataba
Rauta ni ya nani? Ukihama nyumba je? Siku ambazo hukupata huduma zinafidiwa? Yaombe kwa maandishi.

Hatua ya 4: Siku ya kufungiwa, simama hapo hapo
Fundi hupenda kuacha rauta pale waya unapoingilia. Mkatalie, iwekwe katikati ya nyumba. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe, nene kwelikweli, na masafa ya Wi-Fi ya 5 GHz yanazipenya kwa shida, ya 2.4 GHz ni afadhali, ingawa yana kasi ndogo. Mara nyingi naitwa kwa "kampuni mbovu", kumbe ni ukuta. Pima kasi kwa kuchomeka kompyuta kwenye rauta kwa kebo. Kifurushi cha Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8) hushusha takriban megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10.

Hatua ya 5: Ikikatika
Piga picha ya taa, andika saa, dai nambari ya tiketi. Bila nambari, kesho utaanza upya na mtu mwingine. Wakikuzungusha, waandikie barua pepe. Wakinyamaza, peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, lakini huko watataka kujua kwanza kampuni ilikujibu nini. Basi ambatisha zile tiketi, picha, na risiti zako za M-Pesa.